Kesho Nitakuinulia Msahafu

Mishi mwanangu,

Salamu nakupa, ingawa hatuko mbali. Nakusikia hapo jikoni wagombana na mamako. Yeye ataka uichukue sufuria, wewe wasema huko chuoni Meru sufuria ziko. Ichukue, mwanangu, usipoichukua hatalala. Sasa namsikia amlaani paka kwa kibao chake cha chapati kilichopasuka. Hilo la paka tutafika.

Mmenidhania nimelala. Sikulala. Nimekaa kitandani, sinia nimelipakata, karatasi juu ya sinia, na penseli nimeizungushia kitambaa ikawa nene kama gunzi, maana nyembamba hunichopoka vidoleni. Usiicheke hati. Kwa maalim nilitoka nikijua kusoma Juzuu Amma na kuandika jina langu, basi. Herufi nyingine nilijifundisha mwenyewe ghalani, kwa kusoma magunia: SUKARI, MCHELE, WEKA PAKAVU. Na hati yangu ilikuwa nzuri! Nenda uani katazame jina langu nililolipaka rangi kwenye pipa la maji, mwaka juzi tu. Kisha tazama hapa. Utasema ni watu wawili.

Mambo ya sweta, na baridi ya huko, na kuswali kwa wakati, na kutoazima watu nguo zako, kayasema mamako, na kesho atayasema tena. Mimi nina moja tu, la shingo yangu. Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikifungua mdomo hujisifu, wanijua.

Kwanza ile inshallah niliyokupa.

Siku ile tuliporudi kutoka hospitali ulinikalisha barazani hata kofia sijavua.

"Baba, sema utakubali kupasuliwa, au mimi siendi chuo."

"Inshallah."

"Inshallah gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Ziko mbili, baba. Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikafoka, nikasema wataka niape kama mwizi wa kuku. Mamako akacheka ndani kwa ndani, nawe kutoka siku hiyo ukaanza kufunga mizigo. Ulidhani tumemaliza. Mishi, ilikuwa ile ya pili. Ile tunayompa muuza mikeka akisimama mlangoni: pita siku nyingine, inshallah, tutanunua. Mimi nilikuwa nimeshaazimia moyoni nivae ile kola ya shingo, nifanye yale mazoezi, nisibebe kitu, na ningoje. Ningoje nini sijui. Labda ningoje uwe mbali usinione.

Sasa nisikize tangu mwanzo, maana hata wewe uliyenishika mkono kwenda kwa daktari hujui mwanzo wake.

Mimi ghalani Changamwe niliitwa Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Hilo wewe walijua, nimekuchosha nalo. Lakini ni kweli, muulize yeyote aliyebaki. Wenzangu walibeba gunia kwa mgongo, mimi nilibeba kwa kisogo, nainamisha kichwa kama fahali na kupanda ubao wa lori bila kushika kitu. Wakipita makarani husimama kunitazama. Athumani, Mungu amrehemu, ndiye pekee aliyenikaribia, naye hakunifikia. Mtu wa namna hiyo, Mishi, akiamka asubuhi vidole vimekufa ganzi, hasemi naumwa. Husema nimeulalia mkono.

Mwaka mzima niliulalia mkono.

Kisha vifungo. Umeona tangu mwezi wa Ramadhani navaa fulana? Nilisema joto. Si joto. Kifungo cha shati nilikuwa nakishika, nakiona kwa macho kuwa nimekishika, na kidole hakiniambii. Kama kumshika mtu mkono naye hakushiki.

Kisha ndara. Siku moja natoka feri, watu wamejaa wanapanda mteremko, mimi nimo katikati kama kawaida yangu, nawasukuma. Nyuma kule nasikia kijana aniita: "Mzee! Mzee wa kofia! Ndara yako!" Nikatazama chini. Mguu mmoja una ndara, mmoja mtupu, na lami ile ya mchana yawaka. Sikuhisi ilipotoka. Sikuhisi moto. Nikamwambia yule kijana nimeivua makusudi, yaniuma. Akanitazama akanipa. Nikatoka pale nikitembea kama mtu aliye juu ya godoro, na mpaka leo bado niko juu ya godoro.

Na kwenye rukuu. Hili sikumwambia mtu. Nikiinama na kidevu kikashuka, shoti ya umeme yanitoka shingoni, yateremka uti wa mgongo mpaka miguuni. Mara ya kwanza nilidhani waya wa msikiti umenigusa. Baadaye nikajua ni mimi. Basi nikawa narukuu huku nimekaza shingo, nimeangalia kibla kama askari. Maalim akaniuliza taratibu, "Mzee Rashidi, shingo vipi?" Nikamwambia nasikiliza kisomo chake vizuri zaidi nikiwa hivi. Mbele ya Mungu, msikitini, nikasema hivyo.

Ujinga wangu mkubwa ukaja baada ya hapo, nao una jina la Omari.

Unamkumbuka Omari muuza makaa alivyoumwa shingo. Maumivu yalimtoka shingoni yakashuka mkono mmoja, usiku alilia kama mtoto. Akapewa dawa na mazoezi, akavaa kola, na baada ya muda akapona, sasa abeba makaa. Aliniona msikitini ninavyokaza shingo, akanijia hapa barazani amevimba kwa furaha.

"Rashidi, ugonjwa wako ndio wangu. Wakikutajia kisu, usikubali. Mimi hapa, nitazame!"

Nikamtazama. Na kweli alipendeza. Nikasema, kama Omari muuza makaa kapona kwa kola, mimi Winchi nitapona kwa kutishia tu kuivaa. Tena nikaongeza na langu: nikaenda kwa yule mkandaji wa kule Ng'ombeni anayesifiwa kwa mifupa. Mamako hajui, nilimwambia naenda matanga. Yule bwana akanipaka mafuta ya nazi, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Legeza, mzee." Akakizungusha. Shingo ikalia ka! Na mwili wote, Mishi, kutoka mabegani kwenda chini, ukazimika kama taa.

Sijui ulikuwa muda gani. Mfupi. Nilikuwa nimelala pale juu ya mkeka, naona dari, nasikia kuku nje, wala sina mikono, sina miguu. Nilitaka kuita mamako na nikakumbuka nimemdanganya niko wapi. Kisha vidole vikaanza kuchoma choma, miguu ikarudi, nikainuka. Yule bwana naye uso umembadilika. "Umelegea sasa," akaniambia. Nikamjibu, "Sana."

Nilipomweleza daktari, wewe hukuweko chumbani, ulikuwa umekwenda kulipia ile picha ya shingo. Yule binti wa bara. Kiswahili chake wewe wakijua, "mzee wewe tembea kwa laini," nilitaka kumsahihisha tangu salamu. Lakini niliposema habari ya mkandaji aliweka kalamu chini.

"Mzee, usirudi huko. Mtu yeyote asikushike hiyo shingo tena. Umeelewa?"

"Mimi nina shingo ngumu, daktari. Nimebeba magunia miaka yote."

"Nimeona kwa picha. Hilo la mwisho bado hujalitua."

Mimi, Mishi, nikanyamazishwa na mtu asiyejua kusema shikamoo sawasawa.

Aliniambia nifumbe na kufumbua ngumi haraka haraka. Uliona. Nilifumba, nikafumbua kama mtu anayekamua nguo. Akaniambia nitembee mguu mbele ya mguu, nikamshika yeye nisianguke. Kisha akanieleza, na hapo ulikuwepo, lakini ulikuwa walia kwa siri na sidhani ulisikia yote. Alisema ndani ya mifupa ya shingo mna njia, na ndani ya njia hiyo yapita kamba ya mishipa ya fahamu kutoka kwenye ubongo. Sisi wazee wetu huita ugwe wa mgongo. Mifupa yangu imechakaa kwa umri na labda kwa kazi, imeota pembe, na zile pingili laini zilizo katikati zimetokeza nje, njia imekuwa nyembamba, ugwe umebanwa. Omari alibanwa tawi moja tu la mkono. Mimi nimebanwa shina. Ndiyo maana kola iliyomfaa Omari yaweza isinifae mimi. Nilikuwa nimekwenda kutibu shingo ya Omari, mwanangu, nimeisahau yangu.

Nikamuuliza, je, nikikaa hivi hivi? Hakunitisha, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema wako watu ambao dalili zao ni kidogo, huvaa kola, hufanya mazoezi, huangaliwa mara kwa mara, na hukaa vile vile muda mrefu. Lakini mimi nazidi kuteremka. Tena alisema, aliye na njia nyembamba hivi, kuanguka kidogo tu, kwenye sabuni uani, kwenye ngazi za feri, kwaweza kummaliza miguu siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, na nikipasuliwa utanirudishia mikono yangu? Akasema, "Sikuahidi. Operesheni ni ya kuzuia isiendelee. Kikirudi kitu, ni bahati yako na mazoezi." Akataja na hatari zake: sauti, kumeza, damu, na kwa wachache ule ule ulemavu tunaoukimbia.

Basi niambie wewe uliyesoma. Njia ya kwanza, nakaa nateremka pole pole kama mshumaa. Njia ya pili, nalazwa chali nimelewa dawa, mtu anafungua shingo yangu karibu na ule ugwe, atia chuma na skurubu, na simo pale hata nimtazame. Mimi ambaye sikukubali mtu anitwishe gunia, nilijitwisha mwenyewe.

Naogopa, Mishi.

Neno hilo nimelitazama hapo juu muda mrefu. Sijapata kuliandika wala kulisema. Naogopa kufa kule juu ya meza na wewe uko Meru, upigiwe simu katikati ya somo. Naogopa zaidi nisife: niamke nimebaki kichwa, mamako anioshe, anilishe uji, na yule paka apite juu ya miguu yangu nisijue. Usiku nikizindukana huanza kutafuta vidole vyangu kwa meno. Nauma kimoja kimoja, nakisikia, nakipita. Na kuna jingine tena, la haja ndogo, ambalo baba hamwandikii binti yake. Mamako nitamwambia, na daktari nitamwambia. Niliwaficha wote wawili.

Uliniuliza kwa nini baada ya mazishi ya Athumani nilijifungia siku mbili sili. Ulidhani ni huzuni. Huzuni ilikuweko. Lakini nikwambie kilichotokea.

Jeneza lilipotoka msikitini watu walikimbilia, kila mtu ataka thawabu ya bega. Mimi nikawatoa vijana kwa kiwiko. Nani ambebe Athumani kama si mimi? Tulibeba pamoja magunia ya nusu ya mji huu. Nikaingia mbele, bega la kulia, tukaenda. Kufika pale njia inaposhuka kwenda makaburini, mguu wangu wa kulia sikuuona uko wapi. Nilijua niko nao, sikujua uko wapi. Goti likakunjika. Jeneza likainama upande wangu, watu wakapiga takbira kwa hofu, na nikasikia, Mishi, ndani ya jeneza, nikasikia Athumani akisogea akija upande wangu.

Ami yako Salimu alikuwa nyuma yangu. Akaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza kabla halijafika chini, akanisukuma pembeni kwa nyonga. "Toka, kaka." Wakaenda. Nikabaki nimeshika ukuta wa mtu. Watu walinipita wakinipapasa mgongo, "Subira, mzee, subira, alikuwa mwenzio." Walidhani nalia kwa ajili ya Athumani, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Jioni Salimu akaja. Wajua ulimi wake. "Kaka, zamani ulikuwa winchi. Sasa u mkokoteni, tena gurudumu moja." Nilimfukuza. Aliondoka akicheka, lakini machoni hakucheka, na tangu hapo kila tukivuka feri hunishika kiwiko akijifanya anitolea hadithi.

Sasa paka.

Jana mlipokwenda kununua hilo sweta nilibaki peke yangu. Wajua kesho alfajiri kazi yangu ni ipi. Nilisimama kwenye mlango ule nikamwinulia Msahafu kakako alipokwenda Malindi, akapita chini yake. Nikamwinulia dadako alipoolewa Kisauni, kichwa kimejaa asumini, akapita. Hakuna mtoto wangu aliyetoka nyumba hii bila kupita chini ya mikono yangu. Nikasema nijaribu kwanza. Msahafu sikuugusa, Mungu apishe mbali. Nilichukua kibao cha chapati cha mamako, uzito wake unakaribiana. Nikasimama mlangoni, nikakiinua kwa mikono miwili, nikatazama juu.

Ile shoti ikanipiga. Na mikono nikaiona, Mishi, niliiona kwa macho yangu imeinuka, imekishika kibao barabara. Kisha kibao kikawa chini. Sikusikia kikinitoka. Kimeanguka pale pale kichwa chako kitakapopita.

Nikakitazama. Kimepasuka toka huku mpaka huku. Nikakaa kizingitini, mimi Winchi, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaita, "Mzee Rashidi, kuna nini?" Nikamjibu, "Paka huyu!"

Basi mtoe paka kwenye lawama. Mwombee msamaha kwa mamako kabla hujaondoka.

Nilipokaa pale kizingitini niliona jambo ambalo daktari hakunionyesha kwa picha yake. Kola haitaushika Msahafu. Nikingoja, mwakani nitakuwa sishiki hata kibao. Na wewe ulikuwa uondoke kwa ile inshallah yangu ya muuza mikeka, uende ukae darasani huko ukidhani baba keshakubali, kisha siku moja urudi unikute nimelala.

Leo alasiri msikitini nilimngoja Salimu avae viatu.

"Salimu. Kesho uje kabla ya adhana. Utashika upande wa kulia."

"Upande wa kulia wa nini?"

"Wa Msahafu. Mishi anapita."

Akanitazama. Nilingoja anitanie, nikawa nimeshatayarisha tusi langu. Hakunitania.

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto wangu."

"Haya. Na akishapita?"

"Akishapita, siku ya kliniki twavuka mimi na wewe. Nitamwambia yule binti anipasue."

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi. Wewe utanishika kiwiko."

Akainama kufunga viatu, na viatu vyake ni vya kuchopeka tu, havina kamba.

Kwa hiyo inshallah ninayokuandikia hapa ni ile ya kwanza, ya kweli. Niko tayari na naogopa, vyote viwili vimo, usidhani kimoja kimetoa kingine. Ukisoma haya usivue buibui ukasema huondoki. Ukibaki nitarudia kujifanya mzima mbele yako, najijua, na nitakufa nikijifanya. Ukiwa mbali nitaweza kuwa mgonjwa.

Jingine dogo. Ukipiga simu ukaniuliza hali, nitakwambia niko ngangari. Usinisadiki. Mwambie mamako akupe habari, na umuulize hivi tu: baba leo kafunga vifungo mwenyewe? Jibu lake ndilo jibu. Na nikishapasuliwa, hata akikwambia bado hafungi, usilie. Uliza tena mwezi unaofuata. Daktari hakuahidi, nami sikuahidi.

Naiweka barua hii juu ya buibui lako pale msumarini, uione kabla hujatoka. Mkono umechoka, herufi zimeanza kupanda ukuta. Mamako kanyamaza, nadhani sufuria imeingia.

Kesho utakapofika mlangoni tanguliza mguu wa kulia, upite taratibu kama walivyopita wenzio. Usiharakishe kwa kunihurumia, wala usitazame juu kutaka kujua mkono wa nani watetemeka. Sisi tutakuwa wawili. Msahafu hautaanguka.

Babako,
Rashidi